4G au 5G? Soma Hii Kabla Hujatoa Pesa ya Simu

Jioni pale Mutindwa, watu wakishuka matatu za Umoja na Buruburu, maduka ya simu ndiyo yana mwangaza kushinda wengine wote. Tuseme mama anayeuza mboga hapo karibu amesimama kwenye kaunta. Zamu yake ya chama imefika, ana KSh 12,000 mkononi, na kabambe yake imechoka kabisa.

"Mathe, chukua hii. Ni 5G. Hii ni moto."

"Na ni pesa ngapi, kijana wangu?"

"Elfu kumi na nane tu. Usijali, weka hiyo kumi na mbili leo, zingine utalipa mdogo mdogo."

"Na hiyo nyingine ya elfu kumi na moja?"

"Hiyo ni 4G, mathe. Hiyo dunia imeiacha nyuma."

Je, ni kweli? Swali hili tunaulizwa sana na wateja wetu, hasa wale wanaotoka kabambe kuingia simu ya kugusa kwa mara ya kwanza. Wanataka kujua kama intaneti ya kasi ni jambo la kuangalia, au ni maneno ya kuuza simu tu.

Jibu kwa ufupi ni hili: 4G ndiyo, hakikisha iko. 5G si lazima. Ukishapata 4G inayoshika vizuri, shilingi inayofuata ipeleke kwenye memori na betri. Sababu ndizo hizi.

Pesa yako haipiti kwenye intaneti ya kasi

Tuanze na jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, yaani malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007. Wakati huo watu wengi Kenya walikuwa na simu za vibonye ambazo hazikuwa na intaneti yoyote ya maana, na pesa ilitumwa ikafika. Hata leo, ukibonyeza \*334# au ukitumia menyu ya laini, unatumia njia ileile inayobeba simu za kawaida na meseji. Haihitaji bando.

Ujumbe mmoja wa menyu hizi za nyota na reli hauzidi herufi 182. Ni maneno machache tu. Mzigo mdogo hivyo unapita hata kwenye 2G bila shida.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili leo. Zima data kabisa, kisha angalia salio kwa kubonyeza nambari za nyota. Litakuja. Hata lile ombi linalotokea kwenye skrini ukiwa dukani, linalokuuliza uweke PIN, kwa kawaida linafika hata kama data imezimwa.

Programu za malipo, zile unazopakua, ndizo mara nyingi zinataka intaneti. Lakini hata hizo zinabeba maandishi na nambari tu. 3G inazitosha.

Basi mbona malipo wakati mwingine yanakwama? Mara nyingi ni mojawapo ya haya:

- Uko mahali ambapo mtandao haushiki, kwa mfano nyumba ya chini kabisa kwenye ploti, au kwenye ngazi za ndani.
- Mfumo wa malipo wenyewe una hitilafu. Hapo hata mwenye simu ya laki moja anangoja kama wewe.
- Simu imejaa. Memori ikiisha kabisa, simu nyingi hukataa kupokea meseji mpya. Mteja amelipa, wewe huoni meseji, mnaanza kubishana.
- Betri imekufa.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na 5G. Na kumbuka, muamala ukikwama usirudie haraka haraka. Angalia salio kwanza. Watu wengi wamelipa mara mbili kwa sababu ya kukosa subira ya dakika moja.

Sasa kasi inasaidia wapi?

Kasi inasaidia kwenye picha na video. Mtoto anatazama somo la hesabu kwenye YouTube. Wewe unapiga picha za viatu unavyouza na kuziweka kwenye Status ya WhatsApp. Dada yako aliye Qatar anakupigia simu ya video. Hapa ndipo 2G inakuangusha kabisa, na 3G inakuchosha saa za jioni.

Lakini kasi inayohitajika si kubwa kama unavyoambiwa. YouTube wenyewe wanapendekeza karibu megabiti 1.1 kwa sekunde kwa video ya ubora wa 480, megabiti 2.5 kwa ubora wa 720, na megabiti 5 kwa ubora wa 1080. 4G iliyo na afya inafika hapo na kupita mbali.

Sasa angalia upande wa simu. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya ubora wa 720. Hata ukiipa simu hiyo mtandao wa megabiti 200 kwa sekunde, jicho lako bado linaona 720. Ni kama kuweka tangi kubwa la maji juu ya ploti huku bomba la jikoni ni lilelile jembamba.

Kwa hivyo, kutoka 3G kwenda 4G utaona tofauti kila siku. Kutoka 4G kwenda 5G, kwenye simu ya bei nafuu, huenda usione kitu.

Kasi na bando: hesabu ambayo hawakuambii

Watu husema, "5G inakula bando." Si kweli kabisa, lakini si uongo kabisa pia. Video ileile, kwa ubora uleule, inakula data ileile iwe ni 3G, 4G au 5G. Shida ni kwamba programu nyingi za video hujipimia zenyewe. Zikiona mtandao ni mzuri, zinapandisha ubora bila kukuuliza.

Tupige hesabu kwa kasi zile tulizotaja. Saa moja ya video inaweza kufika hapa:

- Ubora wa 480: karibu MB 495
- Ubora wa 720: karibu MB 1,125
- Ubora wa 1080: karibu MB 2,250

Unaona? Ukipandisha kutoka 480 hadi 1080, bando ambalo lingekupeleka saa nne linaisha kabla saa moja haijaisha vizuri. Kama unanunua bando la siku kwa pesa ya mboga, hiyo ni tofauti kubwa. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube, chagua video zitumie data kidogo, na uwashe kiokoa data cha simu. Hii haihitaji simu mpya.

Na kama ploti yenu ina waifai ya kulipia kwa mwezi, na wewe unatazama video ukiwa nyumbani tu, basi kasi ya laini yako inakuwa jambo dogo zaidi. Mchana sokoni unahitaji WhatsApp na malipo, na hayo 4G inayamaliza.

Mbona 4G yenyewe inakokota miguu saa mbili usiku?

Mtu wa Pipeline au Tassia ataniuliza hivi: "Simu yangu ni 4G na bado video inazunguka tu. Si ni heri nichukue 5G?"

Mlingoti wa mtandao ni kama barabara. Outering ni ileile asubuhi na usiku, lakini saa moja jioni kila mtu yuko juu yake. Mtandao pia ni hivyo. Watu wakitoka kazini wanarudi kwenye maghorofa yaliyobanana, na ploti moja ina familia kwa makumi. Wote wanafungua simu wakati mmoja, na wote wanagawana mlingoti mmoja. Simu yako haina kosa.

Ni kweli 5G inaweza kukutoa kwenye msongamano huo, kwa sababu bado watu wachache wana simu za 5G. Lakini kuna mambo mawili ya kujua.

La kwanza ni masafa. 4G hapa kwetu inatumia, pamoja na mengine, masafa ya 800 MHz. Masafa ya chini kama hayo yanasafiri mbali na kupenya kuta vizuri. 5G mara nyingi hutumia masafa ya juu zaidi, kama 3,500 MHz. Hayo yana uwezo mkubwa wa kubeba data, lakini ukuta wa mawe na slabu ya zege yanayachosha haraka. Unaweza kuwa na 5G safi barabarani, ukiingia chumbani simu inarudi 4G.

La pili ni kuenea. Safaricom walizindua 4G Desemba 2014, na 5G kwa wateja wa kawaida Oktoba 2022. Airtel walifuata na 5G Julai 2023. 4G ina miaka mingi zaidi ya kutandazwa. 5G inaendelea kuongezeka, lakini kushika hapa hakumaanishi itashika ukivuka barabara.

Na tena, simu ya 5G ikiwa mahali ambapo 5G ni hafifu, inakaa ikitafuta mtandao huku ikimeza betri. Ukishainunua, unaweza kuifunga ibaki 4G kwenye mipangilio. Lakini sasa umelipia 5G ili uizime.

Si kila 4G ni 4G yako

Hapa ndipo wengi wanapotezewa pesa, hasa kwa simu zilizotumika ng'ambo. Boksi linasema 4G, simu inasema 4G, lakini laini yako inabaki kwenye 3G. Sababu ni masafa.

Kwa 4G ya hapa Kenya, hakikisha simu ina bendi ya 3, ambayo ni 1,800 MHz, na bendi ya 20, ambayo ni ile 800 MHz inayopenya kuta. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi ya 20. Ukikaa karibu na mlingoti hutagundua. Ukiingia nyumba ya ndani Kayole au Huruma, utagundua.

Kama unatumia Faiba, iliyozindua 4G yake Desemba 2017, angalia pia bendi ya 28, yaani 700 MHz. Mtandao huo hauna 2G wala 3G ya kurudia, kwa hivyo simu isiyo na bendi hiyo, au isiyoweza kupiga simu za kawaida kupitia 4G, haitakufaa kwa laini hiyo.

Na kama unaweka laini mbili, uliza kama sloti zote mbili zinashika 4G. Kwenye simu zingine za zamani, sloti ya pili hubaki 2G au 3G. Hapo weka laini ya data kwenye sloti ya kwanza. Laini ya kupokea malipo inaweza kukaa ya pili, na kama tulivyoona, haitasumbuka.

Pesa ya 5G ipeleke wapi?

Tuseme umeamua 4G inakutosha. Umeokoa elfu kadhaa. Angalia mambo haya matatu.

*Memori.* Kuna memori ya kufanyia kazi, yaani RAM, na kuna ya kuhifadhi vitu. Android iliyotengenezewa simu ndogo, ile ya Go, kuanzia toleo la 13 inadai angalau RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 16. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Picha za WhatsApp zitakijaza haraka. Ukiweza, tafuta RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Na chunga maneno ya "RAM GB 8" kwenye boksi. Mara nyingi ni GB 4 za kweli, na GB 4 zingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi. Muulize muuzaji moja kwa moja: "RAM ya kweli ni ngapi?"

Simu nyingi watu wanazosema "mtandao ni mbaya" tatizo lake ni hili. Programu inachukua muda kufunguka kwa sababu simu imechoka, na lawama yote inaenda kwa mtandao.

*Betri.* Ukifungua kibanda saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa tatu usiku, simu yako ndiyo kaunta yako ya pesa. Betri ya mAh 5,000 imekuwa ya kawaida hata kwa simu za bei ya chini. Usikubali pungufu bila sababu. Stima ikipotea mtaani, utajishukuru.

*Deni.* Hili ndilo kubwa. Mwaka 2020, Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google ilianza na malipo ya KSh 20 kwa siku, na watu wengi walipata simu yao ya kwanza ya 4G kwa njia hiyo. Mkopo wa simu si kitu kibaya. Lakini piga hesabu ya mwisho, usiishie ile ya siku. Tuseme unaweka KSh 3,000 kisha KSh 70 kila siku kwa mwaka mmoja. Hiyo ni 25,550 juu ya ile 3,000, jumla KSh 28,550. Kama simu hiyo kwa keshi ni 18,000, umelipa zaidi ya elfu kumi juu. Na simu nyingi za mkopo hujifunga ukichelewa kulipa. Siku biashara imelala ndiyo siku simu inafungwa, na wateja wako hawajui nambari nyingine ya kulipia.

Simu za 4G za bei ya chini zipo. Oktoba 2023, kiwanda cha EADAK pale Athi River kilizinduliwa kikiwa na simu mbili za 4G za Neon, moja KSh 7,499 na nyingine KSh 8,999. Bei za dukani hubadilika, lakini ujue kwamba 4G si kitu cha matajiri tena.

Nani anahitaji 5G kweli?

Wapo, na hatutawadanganya. Kama unapakia video ndefu kila siku kwa kazi, kama unafanya kazi ya mtandaoni na simu yako ndiyo inawapa laptopu mbili hotispoti, au kama umeendesha kasaiba kadogo kwa kutumia data ya simu, 5G inaweza kujilipa yenyewe. Lakini kwanza hakikisha 5G inashika pale pale unapofanyia kazi. Muombe jirani aliye na simu ya 5G aingie ndani kwako saa mbili usiku, afungue video. Jaribio hilo ni la bure, na linakwambia ukweli kuliko tangazo lolote.

Kabla hujalipa, fanya haya ukiwa bado kwenye kaunta

1. Weka laini yako mwenyewe ndani ya simu. Juu ya skrini tafuta alama ya 4G. Ukiona E, hiyo ni 2G. Ukiona H, hiyo ni 3G.
2. Fungua video moja, na upige simu ya kawaida.
3. Bonyeza \*#06#. Nambari itakayotokea ilinganishe na ile ya kwenye boksi. Mwisho wa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na waliokuwa wamezinunua bila kujua ndio walioumia.
4. Ingia kwenye mipangilio uone hifadhi iliyobaki. GB 64 za boksi haziji zote, sehemu inatumiwa na mfumo.
5. Chukua risiti yenye jina la duka na muda wa waranti.
6. Weka PIN yako ya malipo mwenyewe. Usimpe muuzaji akuwekee "kukusaidia," hata kama ni kijana wa mtaa unayemjua.

Turudi kwa mama wetu pale Mutindwa. Akichukua ile ya elfu kumi na moja, baada ya kukagua bendi, memori na betri, anarudi nyumbani na simu isiyo na deni. Malipo ya wateja yataingia kwa mwendo uleule ambao yangeingia kwenye ile ya kumi na nane. Mtoto atatazama somo lake. Na ile elfu moja iliyobaki itaenda Marikiti kesho alfajiri, irudi ikiwa stoki.